Hodi Ndani ya Behewa

Kulipambazuka treni yetu ya Kigoma ikiwa imeshaipita Uvinza. Mzee aliyelala kitanda cha chini, mkabala na changu, alijinyoosha, akajifuta uso kwa kitambaa, akaitikia shikamoo yangu na kuuliza nimeamkaje. Nikamwambia salama. Akavaa kofia yake taratibu, halafu akasema kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana: "Mwanangu, zile laki tatu usikubali. Michikichi ikishaanza kuzaa haiuzwi kwa bei ya pori."

Sikuwa nimemwambia mzee yule habari za laki tatu. Wala za michikichi. Niliyemwambia ni kaka yangu, saa tano ya usiku, kwa simu niliyoiweka laudi na kuilaza kifuani, taa imezimwa, nikiamini chumba kizima kimelala.

Kabla sijapata la kujibu, sauti ikashuka kutoka kitanda cha juu kabisa: "Lakini kaka mtu naye ana hoja. Mama anaumwa mguu, dawa zinataka hela." Na yule mwingine, ambaye usiku kucha nilidhani ni furushi lililofunikwa shuka, akafunua uso na kuuliza: "Samahani bwana, hivi hati ya hilo shamba la Simbo ameishika nani?"

Chumba cha daraja la pili kulala kina vitanda sita, wanaume kwao na wanawake kwao. Nilikuwa nimelala na mahakimu watano.

Nimeanza na hili ili lijulikane mapema kwamba naandika nikiwa mkosaji. Habari za kelele safarini huwa tunazisikia kutoka kwa waliopigiwa kelele. Mpigaji mwenyewe hatumsikii, ila tukiwa naye garini. Tena mimi sina hata kisingizio cha kutojua, maana kazi yangu ni fundi simu. Kibanda changu kiko Tabora mjini, mama yangu yuko Ujiji, na kati ya hapo pana reli ya zaidi ya kilomita 400 ambayo nimeipanda tangu nikiwa nabebwa mgongoni.

Nianze na kelele ambazo hakuna anayezilalamikia. Treni ya kutoka Dar ikifika Tabora lazima ikatwe: mabehewa ya Mwanza yaende kaskazini, ya Kigoma yaendelee magharibi. Kama umesinzia ndani wakati huo, utaamshwa na kishindo cha chuma kwa chuma, behewa linasukumwa nyuma, linavutwa mbele, linagongwa tena, mikebe inaanguka, mtoto wa chumba cha pili anaanza kulia. Sijawahi kumwona abiria anatoka kwenda kuwagombeza wanaofanya shanti. Ni kazi, na bila ile kazi hutafika kwenu. Nguruka tukisimama usiku, wauza samaki wanapita chini ya madirisha wanaita mpaka koo zinakauka, na aliyekuwa analala anaamka, ananunua, analala tena akiwa na harufu ya samaki kwenye vidole. Daraja la tatu kuna jogoo ndani ya tenga. Jogoo huyo hajui kuwa yuko safarini. Saa kumi ya alfajiri anawika vilevile, na watu wanacheka: "Huyu naye kalipiwa nauli?"

Na treni yenyewe inasema. Reli hii ilijengwa na Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni mita moja, na pale kipande cha chuma kinapokutana na kipande kingine, kila gurudumu linagonga. Kataka-kataka, kataka-kataka, mpaka asubuhi. Sisi tuliokulia mwisho wa reli tunalala vizuri zaidi ndani yake kuliko kwenye godoro la nyumbani.

Lakini kelele hiyo ina jambo inalotufanyia bila sisi kujua. Daktari mmoja Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alilieleza mwaka 1911: mtu akizungumza penye kelele, sauti yake hupanda yenyewe, na kelele ikikatika hushuka yenyewe, naye hana habari. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, subiri treni isimame ghafla porini kusubiri kupishana. Magurudumu yananyamaza mara moja, ila sauti za watu zinachelewa sekunde chache kushuka. Katika sekunde hizo utasikia mambo. Nimewahi kumsikia mtu, kati ya Kaliua na Usinge, akimalizia sentensi ambayo bila shaka alidhani anamnong'oneza jirani yake: "...na mke mkubwa hajui!" Behewa zima likageuka. Yeye akageukia dirishani kuangalia giza.

Kwa hiyo wa kwanza kulaumiwa si mtu, ni magurudumu. Mtu anapandisha sauti kuwashinda, wa kiti cha pili anapandisha kumshinda wa kwanza, na ikifika Urambo behewa limekuwa mnada.

Simu ni habari nyingine. Hapa naomba mnivumilie kidogo niongee kama fundi.

Spika ya simu ni kidude kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa udogo wake haiwezi kutoa besi. Inachotoa ni sauti nyembamba za juu, na bahati mbaya sikio la binadamu limeumbwa kuwa kali zaidi hukohuko juu. Ngurumo ya treni iko chini. Ndiyo maana behewa zima linaweza kunguruma, watu mia wakawa wanaongea, na bado video moja ya simu ikakufikia ulipo kama mlio wa mbu ndani ya chandarua. Mngurumo hauifuniki. Zimepita njia tofauti.

Halafu kuna jambo ambalo nisingelijua kama si kazi hii. Simu ina spika mbili: ile ya juu ya kusikilizia, unayoiweka sikioni, na ile ya chini ya mlio. Ya juu ina wavu mwembamba, na wavu ule unaziba. Vumbi la Tabora la mwezi wa tisa, jasho, mafuta ya nywele, unga wa wale wanaofanya kazi mashineni, vyote vinaishia pale. Mteja ananiletea simu nibadilishe kioo. Nikiipima, namwambia: "Mama, hii spika ya kusikilizia imeziba, nikusafishie? Elfu mbili tu." Ananijibu: "Achana nayo fundi, mbona naongea kwa laudi haina shida." Haina shida kwake. Ninapomsikia mtu ndani ya treni anapayuka na simu ameishika mbele ya mdomo kama anataka kuilamba, mara nyingi sioni utovu wa adabu. Naona wavu ulioziba. Dakika tano, mswaki laini, spiriti kidogo, na watu themanini wangelala.

Yangu haikuwa imeziba. Niliiweka laudi kwa uvivu wa kuinua mkono.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa maongezi ya simu kunamvuruga msikilizaji kuliko kusikia pande zote mbili. Sababu yao inaeleweka: ukisikia nusu, akili haitulii, inabaki inabahatisha nusu ya pili. Kwa hesabu hiyo mimi niliwafanyia wenzangu hisani, niliwapa kesi nzima, mlalamikaji na mlalamikiwa. Na kweli, nilipomuuliza yule mzee mbona hawakuniambia nipunguze, alicheka mpaka akakohoa. "Tungekunyamazisha, mwisho wake tungeujuaje?"

Sasa nimkumbuke bibi mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo nimekuwa nalizungukia.

Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, daraja la tatu, natoka Kigoma. Mawese kwenye madumu chini ya viti, dagaa kwenye viroba juu, watu katikati. Bibi alipandia njiani na mjukuu wake na kikapu. Alipoingia tu alisimama mlangoni akatoa salamu kwa behewa zima, "Mwakeye!", na wenye Kiha chao wakaitikia, na tusio nacho tukaitikia vilevile. Akapata pa kukaa. Mbele yake kijana alikuwa ametulia na simu yake, anaangalia mchekeshaji, sauti juu, na mchekeshaji yule alikuwa wa wale wanaocheka vichekesho vyao wenyewe.

Bibi alivumilia kama nusu saa. Watu walikuwa wameshaanza kusonya. Mimi nilikuwa nimeshatunga maneno makali kichwani, nasubiri mwingine aanze. Bibi akainama mbele.

"Mjukuu wangu, huyo anayecheka humo ndani ni nani?"

"Mchekeshaji, bibi."

"Anatoka wapi?"

"Dar."

"Katoka Dar mpaka huku, kaingia humu, hodi hakupiga, salamu hakutoa, na anacheka peke yake. Kwao hawana wakubwa?"

Behewa lililipuka kwa kicheko, na kijana alicheka kuliko wote. Akazima. Bibi akafungua kikapu, akammegea kipande cha muhogo wa kuchemsha, wakaanza kuulizana wa ukoo gani na wa kijiji gani, kama kawaida ya watu wa kwetu, mpaka wakafika kwa shangazi fulani wanayemjua wote wawili. Na asubuhi, tumeshakunywa chai, bibi mwenyewe akamwambia: "Haya, mlete yule mgeni wako tumsikie." Kijana akaweka simu juu ya dumu la mawese na sote tukamsikiliza mchekeshaji. Hakuwa mbaya.

Hodi. Ujiji tulifundishwa tukiwa wadogo, chuoni tulikosoma Kurani na nyumbani: unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama mlango uko wazi, hata kama unamwona mtu amekaa ndani. Haitoshi kwamba nyumba ni ya mjomba wako. Sauti ya jogoo si mgeni, imepanda nasi na tenga lake tunaliona. Mtoto anayelia ni wetu sote, atapakatwa na watu watatu kabla ya kufika Malagarasi. Muuza samaki yuko chini kwake, sisi ndio tuliosimama mlangoni pake. Mtu wa ndani ya simu ndiye aliyeingia bila kukaribishwa, na huwezi hata kumwambia asogee.

Wenzetu wamelitatua kwa namna zao. Japani abiria wanaombwa waziweke simu katika hali wanayoiita *manā mōdo*, yaani hali ya adabu, na anayetaka kupiga simu ndani ya Shinkansen, treni yao ya kasi, anatoka mpaka kwenye kijia kati ya behewa na behewa. Wajerumani, walewale waliotujengea reli, wana mabehewa yenye sehemu za utulivu ambamo simu na muziki havitakiwi. Marekani, karibu na mwaka 2000, ni abiria wenyewe wa asubuhi kati ya Philadelphia na Washington walioomba wapewe behewa la kimya, na Amtrak, kampuni ya treni za abiria, ikawapa. Na Februari 2025, katika stesheni ya Nantes, Ufaransa, mtu mmoja alitozwa faini ya euro 150 kwa kuongea na dada yake kwa laudi. Nilipoisoma habari hiyo nilipiga hesabu ya chumba chetu cha watu sita na nikafunga simu.

Sitaki behewa la kimya kwenye treni ya Kigoma. Niseme wazi. Safari ya usiku mzima ndani ya ukimya, mtu hajui aliyelala juu yake anatoka wapi na anakwenda kumzika nani, hiyo si safari ninayoijua. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho. Lakini sikujua ni kidogo namna gani mpaka mwaka jana, nilipokwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kununua vioo na betri.

Nilichukua basi mpaka Dodoma, kisha treni ya umeme. Wengi mnaijua sasa: ilianza Dar hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma Julai ya mwaka huohuo, mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Nami nilikuwa na hamu nayo kama mtoto. Reli zake zimechomelewa zikawa ndefu, hakuna kataka-kataka. Madirisha hayafunguki, kuna kiyoyozi. Ni kimya kiasi kwamba unasikia mtu wa mbele anafungua karanga.

Nilikaa. Nikafunga mkanda wa begi langu miguuni. Jirani yangu akakaa. Hatukusalimiana, sijui kwa nini, labda kwa sababu viti vimepangwa kama vya ndege, na kila mtu amepewa namba yake, na hakuna kikapu cha kusogezwa. Baada ya Dodoma kupotea nyuma, mwanamke mmoja viti vitatu mbele akaanza kusikiliza mahubiri, laudi. Nyuma yangu bwana mmoja akaanza kuuza mabati kwa simu: geji hii, bei hii, lori litoke lini. Kwenye treni ya zamani wangemezwa na magurudumu. Hapa tuliwasikia neno kwa neno, mpaka Morogoro, mpaka Pugu.

Na hakuna aliyesema kitu. Watu walikunja nyuso. Mmoja alikohoa kikohozi cha kutaka kusikika. Binti wa upande wa pili alizungusha macho akanitazama, nami nikamzungushia yangu. Mtu hata angeweza kumwita mhudumu, alikuwa anapita kila mara, lakini hakuitwa. Mimi fundi, mwenye uhakika wa asilimia mia kwamba spika ya juu ya bwana wa mabati ilikuwa imeziba, nilikuwa na mswaki wangu ndani ya begi. Ningeanzia wapi? Nimekaa saa nzima mbele ya mtu sijamwambia hata habari za asubuhi, kisha neno la kwanza liwe "punguza"? Yule bibi aliweza kumuuliza kijana kwamba kwao hawana wakubwa kwa sababu alipoingia alisema Mwakeye, na kijana alikuwa ameitikia.

Nimesikia watu wakisema treni ya umeme itatufundisha ustaarabu. Huenda. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506 ukijumlisha na njia za kupishania, na siku ikikamilika mama yangu atakuwa karibu nami kwa saa chache badala ya usiku mzima. Nitaipanda siku ya kwanza. Ila nimeshajiwekea sheria yangu, na nimeijaribu kwenye mabasi inafanya kazi: nikikaa tu, kabla sijatafuta pa kuchaji, namsalimu wa kulia, wa kushoto, na wa nyuma. Wengine wanashtuka. Binti mmoja alitoa iafoni sikioni akaniuliza kama tunafahamiana.

Nirudi chumbani kwetu, maana kesi haikuwa imekwisha.

Kutoka Uvinza mpaka Kigoma mahakimu walikaa. Yule wa kitanda cha juu alishuka, akaketi miguuni pangu, akasema shamba la urithi haligawanywi kwa simu. Yule wa hati aliuliza maswali ya maana, nikagundua kuwa kuna mambo mawili sikuwahi kumuuliza kaka yangu kwa miaka minane ya kugombana naye. Mzee alichambua bei ya ngazi moja, yaani mkungu mmoja, ya michikichi, misimu ya mavuno, na kwa nini kaka mtu anayeuguza mama asiitwe mwizi mbele ya watu. "Ulimwita mwizi," alisema. "Mara mbili. Hiyo tumeisikia." Sikuwa na pa kujificha. Sita kwa sita, chumba ni kile.

Tuliingia Kigoma jua limeshapanda, ziwa likimeta kushoto. Kaka yangu alikuwa amesimama chini ya lile jengo la stesheni la Wajerumani, mikono nyuma, uso haujasema kitu. Alikuwa amekuja na pikipiki. Nilishuka na begi, na kabla sijamfikia, mzee akanipita na fimbo yake, akaenda moja kwa moja akamshika mkono.

"Shikamoo mzee," kaka akasema.

"Marahaba. Mama mguu umeamkaje?"

"Afadhali leo." Kaka akanitazama, akamtazama mzee, akanitazama tena. Mzee alikuwa ameshajitwika kofia vizuri na kuondoka zake kuelekea kwenye daladala za Mwanga.

"Yule ni nani?" kaka akauliza.

Nikamwambia ni jirani.